Kamati ya Dini Mbalimbali Isiyoishia kwenye Chai na Picha

Wengi wetu tumeshaiona ile picha. Mashehe wamevaa kanzu na vilemba, maaskofu wana misalaba vifuani, katikati amekaa mkuu wa wilaya, na nyuma yao limetundikwa bango la amani na maridhiano. Tamko linasomwa, chai inanywewa, posho inagawiwa, watu wanaagana. Mwezi unaofuata kipindupindu kinaingia mtaani, au mabinti wawili wa darasa la saba wanaacha shule kwa sababu ya mimba, na hakuna anayekumbuka kwamba kuna kamati.

Chai haina kosa. Tatizo ni kamati zinazoanzishwa ili zionekane. Makala haya yameandikwa kwa ajili ya katekista, mwalimu wa madrasa, mzee wa kanisa, mama wa jumuiya au mwenyekiti wa mtaa ambaye anataka dini za mahali pake zikamate kazi moja kwa pamoja, iwe maradhi, njaa, ukatili majumbani au migogoro ya ardhi. Ninachokishikilia ni hiki: watu wa dini mbili wakikaa kutafuta mwafaka kuhusu Mungu, watabishana hadi jua lizame. Wakikaa kukubaliana kuhusu kazi, wataimaliza, mradi kila mmoja aifanye kwa kitabu chake na mbele ya watu wake.

Tafuteni jambo ambalo ufunguo wake mnao nyinyi

Kamati nyingi hujiua siku ya kwanza kwa orodha. Amani, mazingira, UKIMWI, vijana, maadili, dawa za kulevya, vyote vinaandikwa kwenye karatasi moja na hakuna hata kimoja kinachopata mtu wa kukisimamia. Chagueni jambo moja tu. Na kabla ya kulipitisha, jiulizeni kama lina mlango ambao serikali na mashirika hawawezi kuufungua bila watu wa dini. Barabara mbovu haina mlango wa namna hiyo, mwachieni diwani. Chanjo unao, kwa sababu mzazi mwenye hofu humwuliza ustadhi au mchungaji wake kabla ya kumwuliza nesi. Ukatili majumbani unao pia, maana mwanamke aliyepigwa mara nyingi hufika kwa mke wa mchungaji au kwa somo yake kabla ya kufika dawati la jinsia la polisi.

Mfano ulio wazi kuliko yote niijuayo ni Ebola ya Afrika Magharibi, iliyoanza kutambuliwa mwaka 2014. Hadi ilipozimwa mwaka 2016 ilikuwa imeambukiza watu zaidi ya 28,600 na kuua zaidi ya 11,300, karibu wote katika nchi za Guinea, Liberia na Sierra Leone. Mwili wa aliyekufa kwa Ebola unaambukiza vikali. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba angalau asilimia 20 ya maambukizi mapya yalitokea mazishini. Sasa mfikirie imamu ambaye kuosha maiti kwake ni faradhi, au familia ya Kikristo iliyozoea kumvalisha marehemu wao nguo nzuri, kukesha naye na kumshika kwa mara ya mwisho. Kilichowafikia ni vijana waliovaa mavazi meupe kutoka utosini hadi nyayoni, wakapulizia klorini, wakautia mwili ndani ya mfuko wa plastiki na kuondoka nao. Wengine hawakuambiwa hata kaburi liko wapi. Watu wakafanya ambalo wengi wetu tungelifanya: wakawaficha wagonjwa na kuzika usiku.

Sierra Leone ilikuwa na Baraza la Dini tangu mwaka 1997, enzi za vita vya wenyewe kwa wenyewe, kwa hiyo mashehe na wachungaji hawakuanza kujuana msibani. Madaktari walikuwa wanavijua virusi. Viongozi wa dini walikuwa wanajua kitu ambacho hakuna daktari angekisema akaaminiwa: lipi katika mazishi halina budi kufanyika, na lipi dini yenyewe inaruhusu lilegezwe kwenye dharura. Mashehe waliwaeleza waumini kwamba penye hatari ya kifo wajibu wa kuosha huondoka. Wachungaji wakakubali kuombea wakiwa wamesimama mbali. Novemba 2014 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa mazishi salama yenye heshima, ulioandaliwa pamoja na watu wa dini, wakiwamo wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni, Islamic Relief, Caritas na World Vision. Mwongozo ulitaka mazishi yasianze kabla familia haijaridhia. Familia ipewe nafasi ya sala. Maiti wa Kiislamu afanyiwe tayamamu, yaani udhu bila maji, na kuvikwa sanda kwa njia isiyomhatarisha mtu, na kaburi litambulike ni la nani.

Tazameni kazi ilivyogawanywa pale. Hakuna imamu aliyejifanya daktari, wala daktari aliyepanda mimbari. Hicho ndicho kipimo chenu. Kabla ya kukutana, nendeni kwa mwenye taarifa, awe mganga mfawidhi wa kituo cha afya, mwalimu mkuu au afisa ustawi wa jamii, mkamwulize swali moja: ni wapi watu wanakukwamia kwa sababu ya mila au imani? Jibu lake ndilo ajenda yenu. Kama mtaani kwenu ni kipindupindu, huenda akawaambia kwamba tatizo si uchafu wa jumla bali ni shughuli: maulidi, ubatizo, arobaini, mahali ambapo watu mia mbili wanakula kwa mikono na maji ya kunawa ni beseni moja linalozungushwa. Hapo mmeshapata mlango, na ufunguo uko kwenu, kwa sababu shughuli zote hizo hazifanyiki bila nyinyi.

Pigeni hodi kabla ya kuandika barua

Barua ya mwaliko yenye mhuri ni njia ya haraka ya kumpata asiyehusika. Atatumwa kijana wa ofisini aje anukuu, na hataruhusiwa kuamua lolote. Nendeni kwa miguu. Kwa sheikh wa kata nendeni baada ya Alasiri, akiwa hana haraka. Kwa paroko pitieni kwa katibu wa parokia. Kwa mchungaji wa kanisa la kiroho lililo chini ya turubai nendeni vilevile, kwa heshima ileile, maana yeye ndiye mwenye vijana wengi kuliko mnavyodhani. Msiishie kwenye taasisi kubwa. BAKWATA ya Waislamu, TEC ya maaskofu Wakatoliki na CCT ya makanisa ya Kiprotestanti ni majina mazito Tanzania, lakini katika kata nyingi upo msikiti usio chini ya BAKWATA na yapo makanisa yasiyo chini ya jumuiya yoyote. Aliyeachwa nje ndiye atakayeuliza kwenye mahubiri yake, "Hao waliokutana wamekutana kwa niaba ya nani?"

Mkubwa haitwi na mdogo, anafuatwa. Kama wewe ni kijana, tafuta mzee mmoja anayeheshimika akutangulie, umwamkie, uketi, uulizwe habari za nyumbani, ndipo useme shida yako. Na useme shida, usiseme mradi. Neno mradi likitajwa dakika ya kwanza, kila mtu anaanza kupiga hesabu ya posho.

Kutoka kila upande ombeni watu wawili: mmoja mwenye kauli, ambaye akisema ndiyo msikiti au kanisa linatii, na mwingine mwenye miguu, atakayezunguka mitaani. Wa pili mara nyingi atakuwa mwanamke. Upande wa Wakatoliki kina mama wa WAWATA wanajua nyumba gani haijala leo, na kina mama wa madrasa wanajua mtoto gani ameacha kuja na kwa nini. Kamati ya wanaume wanane wenye vyeo na bila mwanamke hata mmoja itatoa tamko zuri sana.

Wale waumini wa dini za jadi, Wahindu, Mabohora na Wabahai walio katika miji yetu wasisahauliwe kwa kuwa ni wachache. Mahali pengine wao ndio wenye zahanati.

Kikao cha kwanza

Ijumaa haifai, Jumapili haifai, Jumamosi mtawapoteza Wasabato. Makanisa mengi yana ibada za katikati ya wiki jioni. Kinachobaki kwa kawaida ni asubuhi ya Jumanne au Alhamisi, saa nne hadi saa sita, kikao kiishe kabla ya Adhuhuri ili asiwepo mtu wa kuangalia saa. Wekeni mezani kalenda ya pamoja tangu siku hiyo. Machi 2025 Ramadhani na Kwaresima zilianza ndani ya wiki moja. Kamati isiyotazama kalenda ingeweza kabisa kupanga semina yenye chakula cha mchana wiki hiyo.

Mahali pawe darasa la shule ya msingi au ukumbi wa kata. Mkishazoeana, zungukeni, mwezi huu msikitini mwezi ujao kanisani, lakini mara ya kwanza asiwepo mwenyeji na mgeni. Viti vipangwe duara. Mkiviacha kama vilivyo, kanzu zitaketi upande mmoja na kola upande mwingine, na kila kauli itakuwa ya upande dhidi ya upande.

Chakula ni jambo dogo linaloweza kuvunja kikao. Mwaka 2013 huko Buseresere, Geita, ugomvi juu ya nani mwenye haki ya kuchinja nyama ya kuuzwa uligeuka vurugu na mchungaji akauawa. Basi kwa kikao cha kwanza achaneni na nyama. Chai, mihogo na maandazi vinatosha. Mkitaka kula mchana, wali na maharage. Baadaye, mkishaaminiana, lizungumzeni suala la kuchinja wazi wazi, kwa sababu litakuja tu siku ya shughuli kubwa.

Kuhusu sala ya kufungua, kubalianeni mapema. Njia nyepesi ni mmoja afungue kwa utaratibu wa dini yake, mwingine afunge kwa wa kwake, na wengine wanyamaze kwa adabu bila kulazimika kuitikia. Ile sala ya pamoja iliyochujwa hadi haina ladha ya dini yoyote haimridhishi mtu, na wapo watakaoona wamelazimishwa kuabudu wasichokiamini. Salamu nazo zipunguzwe. Tumezoea kiongozi akisimama anatoa salamu ya Waislamu, ya Wakatoliki, ya Walokole, ya chama na ya timu, dakika tano zimekwisha. "Habari za asubuhi" inatosha.

Kisha mpeni mganga au mwalimu robo saa aseme hali ilivyo, kwa namba za kata yenu, si za taifa. Baada ya hapo wekeni masharti, yaandikwe na kila mmoja atie sahihi. Mawili hayaepukiki. La kwanza, anayesaidiwa kupitia kamati hii hahubiriwi. Ndoo ya maji haiendi na kitabu cha kumwongoa mtu. La pili, hakuna mwanakamati atakayepanda kwenye mhadhara wa kukashifu dini ya mwenziwe, wala kusambaza video zake kwenye WhatsApp, hata kwa kusingizia kwamba "nimetumiwa tu".

Msiombane kuacha imani, wala msijifanye kwamba tofauti hazipo. Imamu Muhammad Ashafa na Mchungaji James Wuye wa Kaduna, Nigeria, walikuwa viongozi wa makundi yaliyopigana. Katika ghasia za mwaka 1992 Wuye alikatwa mkono wa kulia, na Ashafa akapoteza mwalimu wake wa dini na binamu zake wawili. Walikutanishwa mwaka 1995, na kwa muda mrefu kila mmoja alimshuku mwenziwe. Ashafa aliwaza kulipiza kisasi, Wuye naye hivyohivyo. Kituo cha upatanishi walichokianzisha pamoja kilishiriki katika Azimio la Amani la Kaduna la mwaka 2002, na baada ya machafuko ya uchaguzi wa Kenya ya 2007 na 2008 waliitwa hadi Burnt Forest, katika Bonde la Ufa, wakawaonyesha majirani waliochomeana nyumba jinsi ya kukaa tena meza moja. Hadi leo mmoja ni imamu na mwingine ni mchungaji, na hawafichi kwamba kila mmoja angefurahi mwenziwe aifuate imani yake. Kama wao waliweza kufanya kazi wakiwa na hamu hiyo vifuani, hata mchungaji na ustadhi wa mtaani kwenu wataweza.

Fedha

Hapa ndipo nitakapokaa kidogo, kwa sababu kamati nyingi za dini mbalimbali hazifi kwa ugomvi wa dini. Zinakufa kwa fedha.

Anzeni bila mfadhili. Jambo la kwanza mlilochagua liwe dogo kiasi cha kugharamiwa na sadaka ya Ijumaa moja, Sabato moja na Jumapili moja. Kwa mfano ule wa kipindupindu, ndoo zenye koki, sabuni na klorini kwa ajili ya kila nyumba ya ibada si gharama ya kuandikia Ulaya barua. Mfadhili akija wakati mmeshafanya kazi, atafuata utaratibu wenu. Akija mapema, nyinyi ndio mtafuata wa kwake, na siku akiondoka ataondoka na kamati.

Fungueni akaunti yenye watia sahihi watatu kutoka dini tofauti, na benki iambiwe kwamba lazima wawili watie sahihi, wasiwe wa dini moja. Mwenyekiti na mweka hazina nao wasitoke upande mmoja. Muulizeni afisa maendeleo ya jamii wa kata utaratibu wa kusajili kikundi, maana benki itadai cheti. Kila robo mwaka hesabu zisomwe kwa sauti misikitini na makanisani, karatasi ileile, siku zilezile. Mtu akisikia namba zilezile alizosikia jirani yake wa dini nyingine, mdomo wa uzushi unakosa chakula.

Msaada ugawiwe kwa shida, kamwe usigawiwe kwa dini. Inasemwa kirahisi, lakini siku magunia ishirini yamefika na nyumba zenye njaa ni thelathini, kila mmoja anawakumbuka wa kwake. Dawa ni orodha itengenezwe kabla msaada haujafika, na watu wawili wa dini tofauti wanaokwenda pamoja mlango kwa mlango. Safu ya dini kwenye fomu ifuteni. Haina kazi.

Mahali ambapo fedha iliwaunganisha watu badala ya kuwatenganisha ni karibu na Mbale, mashariki mwa Uganda. J. J. Keki, mkulima wa jamii ya Wayahudi wa Uganda waitwao Abayudaya, alikuwa New York tarehe 11 Septemba 2001 na akayaona mashambulizi. Aliporudi nyumbani aliwaendea majirani zake Waislamu na Wakristo, akawaomba waunganishe kahawa yao. Mwaka 2004 wakaanzisha chama cha ushirika, Mirembe Kawomera, uongozi ukagawanywa kati ya dini tatu, na kahawa ikapata mnunuzi Marekani aliyeilipia bei bora kuliko ya walanguzi wa vijijini. Mkulima pale analipwa kwa kilo alizoleta. Mizani haina dini, na mwenye bei nzuri ana sababu ya kumtakia jirani yake afya njema msimu ujao. Kama eneo lenu lina zao, uvuvi au vikundi vya kuweka na kukopa (VICOBA), huenda hiyo ndiyo njia yenu, kuliko semina.

Wiki moja, ujumbe mmoja

Nguvu ya dini ambayo hakuna redio wala chama kilicho nayo ni hii: kila wiki, bila kuitwa, watu wanakuja wenyewe kuketi na kusikiliza. Nguvu hiyo inapotea kila mmoja akisema lake kwa wakati wake. Kwa hiyo katibu aandike nusu ukurasa, mambo matatu yanayotakiwa kufanywa na si zaidi, bila aya wala hadithi yoyote ya dini. Karatasi iende kwa wote. Imamu ataongeza Qur'ani na Hadithi zake, na ataanzia pengine kwenye udhu. Mchungaji ataongeza Biblia yake. Kisha khutba ya Ijumaa, ibada ya Jumamosi na ya Jumapili zote zibebe jambo hilo. Jumatatu fundi seremala na mteja wake watagundua kwamba wameambiwa kitu kimoja, na watakizungumza.

Makubaliano ya pamoja yana faida nyingine ambayo watu hawaisemi: yanamlinda kiongozi dhidi ya waumini wake. Kenya walilijua hili mwaka 2020 wakati wa korona. Baraza la dini mbalimbali lililoongozwa na Askofu Mkuu Anthony Muheria wa Nyeri lilipewa jukumu la kupanga jinsi nyumba za ibada zitakavyofunguliwa, na Julai mwaka huo masharti yakawa watu wasiozidi 100, ibada ya saa moja tu, na wasiingie walio chini ya miaka 13 wala waliozidi miaka 58. Sharti la mwisho lilikuwa chungu. Wazee ndio nguzo ya ibada, na wengi waliumia kubaki nyumbani. Lakini hebu fikiria kama mchungaji mmoja angeliweka peke yake. Wazee wake wangehamia kanisa la pili Jumapili ileile. Lilipokuwa la wote, hapakuwa na pa kuhamia.

Jambo likiwa kubwa kuliko kata, likigusa kampuni au serikali, mahubiri pekee hayatoshi. Pateni ushahidi kwanza. Mwaka 2008 TEC, CCT na BAKWATA kwa pamoja walitoa ripoti kuhusu jinsi Tanzania inavyonufaika, au isivyonufaika, na dhahabu yake. Mwaka 2012 wakatoa nyingine iliyokadiria kwamba nchi inapoteza kodi yenye thamani ya dola bilioni moja na zaidi kila mwaka kwa misamaha, ukwepaji na utoroshaji wa fedha. Utafiti walifanyiwa na wataalamu. Wao waliweka mihuri mitatu. Sekta ya madini haikubadilishwa na ripoti peke yake, kulikuwa na tume ya serikali, wabunge na wanaharakati, lakini hoja ya maaskofu na mashehe walioshika karatasi moja haikuwa rahisi kuitwa ya wapinzani au ya dini fulani. Hata kwenye kata, mkiwa na shida ya mgodi au kiwanda kinachomwaga maji machafu, pimeni maji kwanza, mkasimame mbele ya wahusika mkiwa na majibu ya maabara mkononi.

Wanasiasa watakuja. Wakija mwaka wa uchaguzi, wakaribisheni wasikilize, wasipewe kipaza sauti.

Siku mambo yakichafuka

Oktoba 2012, Mbagala, Dar es Salaam, ubishi wa watoto wawili uliishia mmoja kuikojolea Qur'ani. Muda si mrefu baadaye umati ulikuwa mitaani, na makanisa kadhaa yakachomwa. Kosa la mtoto lilikuwa la mtoto. Moto uliwashwa na mwendo wa habari. Kamati yenu iwe na mwendo wa haraka kuliko huo. Muwe na orodha ya simu ambayo kila mwanakamati anayo kichwani au mfukoni, na makubaliano kwamba tukio likitokea, watu wawili wa dini tofauti watafika mahali pale pamoja ndani ya saa moja, wasijibu lolote mtandaoni kabla hawajaona kwa macho. Huyu wa kanisani aende kwanza kwa aliyekosewa msikitini, na kinyume chake. Polisi wapigiwe, lakini kamati isisubiri polisi ndiyo itoke nyumbani. Zoezi hili lifanyeni wakati wa amani, hata mara moja kwa mwaka, kwa kupigiana simu za majaribio. Mtashangaa namba ngapi hazipatikani.

Na ipo siku ambayo hakuna la kusema wala la kugawa. Kaskazini mwa Uganda, wakati wa vita vya waasi wa Joseph Kony, watoto kwa makumi ya maelfu walikuwa wakitembea kila jioni kutoka vijijini kwenda kulala mjini ili wasitekwe usiku. Viongozi wa dini wa Acholi, Wakatoliki, Waanglikana na Waislamu, walikuwa wameshaunda umoja wao tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, wakaidai kwa miaka sheria ya msamaha kwa waasi watakaoacha silaha, na ikapitishwa mwaka 2000. Vita viliendelea. Mwaka 2003 Askofu Mkuu John Baptist Odama, Askofu Macleord Baker Ochola na Sheikh Musa Khalil wakachukua mablanketi, wakaenda kulala usiku mfululizo katika kituo cha mabasi cha Gulu pamoja na watoto hao. Ochola mwenyewe alikuwa amefiwa na mkewe kwa bomu la kutegwa ardhini mwaka 1997. Usiku ule wa Gulu haukumaliza vita, lakini dunia iligeuza macho, na watoto waliona kwamba wazee wao wamelala juu ya saruji ileile. Mwaka 2004 umoja wao ukapewa Tuzo ya Amani ya Niwano ya Japani.

Sasa ni kazi yako. Kama kata yenu ina kamati ya namna hii, omba kuona vitu viwili: muhtasari wa kikao cha mwisho na daftari la fedha. Visipoonekana, hamna kamati, mna bango. Kama haipo, wiki hii mtembelee kiongozi mmoja wa dini isiyo yako. Usiende na karatasi, wala usiende na mpiga picha. Mwulize ni shida gani inawalaza macho waumini wake, na umsikilize mpaka amalize.